Ng'ombe Saba Ndani ya Mashini

Serikali ilipokuja kukumbuka kwamba Masisi nayo ina wazee, Makuza alikuwa ametimiza miaka sabini na minne, na Verdiane mke wake alikuwa amebakiwa na jicho moja, nalo lilikuwa likiiona dunia kama mtu anayechungulia kutoka ndani ya kibuyu cha maziwa. Weupe tu, na kivuli kikipita.

Si kwamba serikali ilikuwa haiwajui. Iliwajua vizuri sana siku za kodi ya soko. Iliwajua siku za kura, ilipowapa fulana na kipakiti cha chumvi. Safari hii ilikuja na karte. Mzee aliyepita miaka sitini na mitano, asiyejiweza, angeandikwa, apewe karte ya plastiki yenye picha yake, na karte hiyo ingemfungulia mlango wa hospitali bila kutoa kitu. Kulikuwa pia na habari ya unga na mafuta, lakini Makuza hakusikiliza habari ya unga. Alisikia jambo moja tu katika yote yaliyotangazwa baada ya misa: madaktari wa macho watakuja kwa wiki moja, watawatoa utando wazee wenye karte, kisha watarudi walikotoka. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa amemwambia mwaka uliopita kwamba jicho la Verdiane lina utando. Ukitolewa, mama ataona. Ukiachwa, hata kile kivuli kitakwisha.

Aliyekuja kuandika alikuwa Adrienne, binti wa wafanyabiashara wa Butembo, ambaye mama yake alikuwa na duka Sake. Kazi aliipata kwa sababu alijua kutumia tableti na hakuogopa kukaa nyuma ya pikipiki kwenye matope. Makuza alifagia uwanja, akaazima kiti kizuri kwa jirani yake Godelieve. Verdiane aliketi mkekani karibu na mlango, kichwa kimeinama upande kama kawaida yake, sikio mbele.

"Papa, nyumba iko na mabati ao majani?" Adrienne akauliza.

"Si unaona, mutoto wangu."

"Mimi naona, Papa. Mashini haina macho, inangoja muntu aiambie."

Verdiane akacheka. "Basi tuko bandugu, mimi na hiyo mashini."

Adrienne naye akacheka, akaandika majani. Akaandika wazee wawili, shamba dogo, watoto watatu wamekufa, mjukuu mmoja anaitwa Isimbi, anaishi Goma kwa mama yake. Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Kisha akauliza:

"Uko na ngombe, Papa?"

Aliyetunga swali hilo mjini, ndani ya ofisi yenye pazia, hakuwahi kuketi hata siku moja ndani ya nyumba ya mfugaji. Kwa watu wa ng'ombe, swali hilo halijibiwi kwa namba. Kuhesabu ng'ombe kwa sauti ni kumwita mwizi na radi kwa pamoja. Wala hakuna mwanamume anayejibu "sina" mbele ya mgeni, kwa maana mtu aliyesema hivyo amejitoa mwenyewe kati ya watu. Hayo yangetosha kumfunga Makuza kinywa. Lakini kulikuwa na kubwa kuliko hayo, nalo lilikuwa limeketi mkekani, sikio mbele.

Miaka sita kabla ya siku ile, vita vilipowasukuma hadi Sake kuishi chini ya shitingi, yaani turubai za plastiki, ng'ombe wao walibaki kwa Bayingana, rafiki wa Makuza tangu utoto, kwenye mlima ulio juu ya Ngungu. Ndivyo wanavyofanya watu wa ng'ombe: unamkabidhi rafiki mifugo, yeye anakunywa maziwa, ndama ni wako, na hakuna karatasi kati yenu. Asubuhi moja watu wenye bunduki walipanda mlima ule wakawaswaga ng'ombe wote kuelekea Walikale, msituni. Ng'ombe wa milima ya Masisi hawajui msitu. Bayingana aliwafuata siku tisa, akiulizia kijiji kwa kijiji. Alikuta kwato, alikuta mifupa iliyochomwa, na alikuta ngozi ya Gaju, mmoja wa ng'ombe hao, imetandikwa juu ya kitanda cha mtu.

Alikwenda Sake kumwambia Makuza. Walisimama pale njia zinapoachana, ya Goma, ya Masisi na ya Minova, magari yakipiga honi, wazee wawili wameshikana mikono kama watoto. Wiki ileile Makuza na Verdiane walikuwa wamemzika Shyaka, mtoto wao wa mwisho, aliyefunikwa na udongo shimoni Rubaya, kwenye machimbo ya koltani. Verdiane alikuwa hajala kitu kwa siku nne wala kusema neno. Makuza aliporudi, mke wake alisikia hatua zake, akafungua kinywa.

"Papa Shyaka, nasikia Bayingana alifika. Ngombe iko?"

"Iko," Makuza akasema. "Yote iko."

Ndipo Verdiane akaomba uji. Akanywa wote. Makuza alimtazama akilamba kijiko, na kuanzia hapo hakupata tena siku ya kumwambia. Wewe ungemwambia lini?

Kwa serikali hakunyamaza. Alikwenda ofisini, akaeleza wizi wote, jina la mlima na rangi ya kila ng'ombe, wakaandika, wakapiga muhuri. Karatasi yake ililowa kwenye shitingi ikawa uji wa namna nyingine, lakini nakala ilibaki kabatini kwao. Hilo lisisahauliwe. Serikali iliyokuja kuuliza "uko na ngombe?" ilikuwa na jibu ndani ya kabati lake kwa miaka sita.

Waliporudi mlimani kwao, macho ya Verdiane yakaanza kufungwa. Kila siku ya pili Makuza alileta maziwa, akisema yametoka kwa Bayingana, wachuuzi wamepita nayo na pikipiki. Yalikuwa ya Godelieve, nyumba ya tatu. Makuza alimlimia Godelieve maharagwe yake, kwa mgongo ule wa miaka sabini na minne, na Godelieve alijua na akafunga kinywa. Verdiane alionja, kisha akasema, "Hii njo ya Bihogo. Bihogo iko na maziwa mazito." Alikuwa amekwisha kumwahidi Isimbi ndama wa Gaju, siku atakayoolewa.

Basi Adrienne alikuwa anangoja, kidole juu ya kioo.

"Umwambie, Papa Shyaka," Verdiane akasema. "Unaona haya ya nini?"

Makuza akajibu kama mwanamume anavyomjibu mgeni, akataja majina, taratibu, kila jina na rangi yake. Bihogo, nyekundu iliyoiva. Gaju, wa rangi ya majani makavu. Gitare, mweupe. Sine. Bugondo wa madoadoa. Musengo. Sauti yake haikutetemeka. Akaona uso wa mke wake ukifunguka kama mtu aliyewekewa moto karibu.

"Umesahau ndama ya Gaju," Verdiane akasema.

"Na ndama ya Gaju."

Adrienne alikuwa anakunja vidole. "Saba," akasema.

"Sisi hatuhesabu, mutoto wangu."

"Mashini njo inahesabu, Papa. Mimi sina shida."

Makuza alimsindikiza hadi kwenye mikaratusi, akiwa na neno mdomoni. Lakini dereva wa pikipiki alikuwa amekwisha kuwasha, na Verdiane alikuwa mlangoni, na upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwake. Akajiambia kwamba wakubwa watatazama nyumba ile ya majani, watatazama miaka yao, wataelewa. Huo ndio ujinga wa mtu mwema: anadhani anayemwandika anamtazama.

Orodha ilibandikwa ukutani wiki tatu baadaye. Makuza, aliyejua kusoma kidogo, aliipitia mara tatu kwa kidole. Alimkuta mama wa shefu, mwenye nyumba mbili za mabati. Alimkuta marehemu mmoja aliyezikwa mwezi wa nne. Hakumkuta Verdiane.

Hilaire, mkubwa wa komite, mwalimu wa zamani, alifungua daftari lake. "Papa Makuza, hapa wanasema uko na ngombe saba. Ngombe saba si maskini. Hata mimi sina ngombe saba."

"Haiko, mwalimu. Ilikufa yote. Iko miaka sita."

"Na nani alisema saba?"

Hilaire hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa daftari. Akaeleza kwamba kuna siku tatu za malalamiko, kwamba mkutano utakuwa Jumatatu mbele ya wote ili mtu asidanganye, na kwamba mume na mke walioandikwa pamoja lazima waseme pamoja.

"Siwezi kusema peke yangu? Muke wangu haoni. Njia iko mbaya."

"Yeye njo mwenye kuomba karte ya macho. Alete kinywa chake."

"Ile mambo niliandikisha ku ofisi yenu, mwalimu. Muhuri iko. Mutafute mu kabati."

"Kabati ilihamishwa wakati wa vita," Hilaire akasema, "na aliyeihamisha naye alihama."

Jumatatu Makuza aliazima chukudu, ile baiskeli ya mti isiyo na pedali, akamkalisha Verdiane juu ya ubao, akamsukuma. Saa tatu za njia, matope hadi kwenye ekseli ya mti. Alikuwa amepanga kumwambia kwenye mteremko wa kwanza. Kisha akapanga kumwambia darajani. Lakini Verdiane alikuwa amejitanda kitenge chake cha Pasaka, na alikuwa anaongea bila kupumzika, akishika ubao kwa mikono miwili.

"Jicho likifunguka, unajua njia yangu ya kwanza?"

"Goma, kwa Isimbi."

"Isimbi ana miguu, atakuja. Njia ya kwanza iko ya kwa Bayingana. Nitakaa chini pale ku majani nione Gaju anakuja. Asinijue kwanza. Halafu nitamwita."

Makuza akasukuma. Hapo ndipo alipouona mtego mzima, ambao wiki zote hizi alikuwa akizunguka pembeni yake. Bila ukweli, jicho halitafunguliwa. Na hata lingefunguliwa kwa uongo, kitu cha kwanza ambacho lingekwenda kutafuta ni mlima mtupu.

Ukumbi wa mkutano ulikuwa darasa. Watu walijaa mabenchi, wengine madirishani, kwa maana umaskini wa jirani ni sinema ya bure. Adrienne alikuwa mbele na tableti yake. Hilaire akasoma: "Makuza na muke wake Verdiane. Wanalalamika kwamba ngombe saba waliyoandikiwa haiko."

"Nani anasema haiko?" Verdiane akauliza.

Watu wakacheka. Akageuza kichwa kuelekea kicheko, akitabasamu, akidhani wanacheka pamoja naye.

"Mwalimu, umusamehe mume wangu. Anaogopa kodi. Tangu zamani ni muntu wa kuogopa kodi. Ngombe iko kwa Bayingana, juu ya Ngungu. Juzi tu nilikunywa maziwa yake. Sisi hatukane ngombe. Ukiikana, inakufa."

"Mama amesema kweli," mtu akadakia kutoka dirishani. "Papa atuuzie moja ya Noeli."

Kicheko tena. Hilaire akagonga meza. "Papa Makuza, unasikia muke wako. Nifunge hii dosie?"

Angeweza kusema ifungwe. Wangerudi nyumbani, angemlimia Godelieve, na Verdiane angeonja na kusema hii njo ya Bihogo, gizani, mpaka mmoja wao afe. Madaktari walikuwa wanakuja Alhamisi. Makuza alimtazama mke wake, kile kitenge, ule mkono ulioshika fimbo, lile jicho moja jeupe lililogeuzwa upande usio wake. Akasimama.

"Ngombe haiko," akasema. "Bihogo walimuchinja ku njia, hakufika hata mu pori. Gitare alivunjika mguu ku daraja. Sine, Bugondo na Musengo walikufa na njaa mu Walikale, walikuwa wanakula majani ya muti. Gaju, Bayingana aliona ngozi yake. Ndama hatujui."

Hakuna aliyecheka. Hata wa dirishani.

"Lini, Papa?" Adrienne akauliza kwa sauti ya chini. Mashini ilitaka tarehe.

"Ile wiki tulizika Shyaka."

Tabasamu la Verdiane lilikuwa limesahauliwa usoni kama taa iliyoachwa mchana. Kisha akauliza, si kwa komite:

"Na maziwa?"

"Ya Godelieve."

"Ulimupa nini?"

"Nilimulimia."

Hilaire aliandika, akapiga muhuri, akamtazama mzee, akafunga daftari taratibu kuliko alivyozoea. Adrienne alifuta saba akaweka sifuri. Alimpiga Verdiane picha ya karte; akamwomba, "Mama, uangalie hapa," kisha akajikumbuka, akainuka akamgeuza kidevu kwa mkono wake mwenyewe. Makuza alirudi nyumbani na karte mfukoni. Alikuwa ameshinda. Wazee wanane walilalamika siku ile na yeye peke yake alishinda.

Verdiane alikataa kupanda chukudu. Alitembea saa tatu zote, mkono juu ya ubao ili asipotee, mbali na mkono wa mume wake.

Alhamisi asubuhi gari la kuchukua wazee lilisikika likipanda kutoka bondeni. Makuza alikuwa amepasha maji, ameweka kitenge tayari. Verdiane alikuwa mkekani, mgongo kwa mlango.

"Mama Shyaka, gari inafika."

"Uende wewe."

"Mimi naona. Njo wewe unahitaji."

"Nione nini?"

Makuza akaketi chini. Akataja Isimbi, ambaye sasa alikuwa msichana mrefu. Akataja njia, jiko, misa, nyoka aliyeingia ndani mwezi uliopita. Alipokosa vingine akasema, "Uone hata sura yangu. Nimezeeka, utacheka."

"Sura yako naijua," Verdiane akasema. "Sura naikumbuka vizuri. Mimi nilikuwa nimebaki na sauti yako tu, Makuza. Njo hiyo nilikuwa naonea."

Miaka hamsini na miwili ya ndoa alikuwa hajamwita Makuza, jina tupu, kama anavyoita mtu wa njiani.

"Nilitaka unywe uji," Makuza akasema. "Ulikuwa unakufa."

"Ungeniacha nilie. Mama analia watoto wake, analia ngombe zake, halafu anaamuka. Wewe ulinikataza. Miaka sita ninacheka juu ya kaburi, na kijiji yote inajua, na mimi ninaonja maziwa, ninasema Bihogo, Bihogo."

Gari lilipiga honi. Makuza akangoja kidogo, huenda mke wake akabadili nia. Alimjua; hangebadili. Akatoka.

Wazee walikuwa wamejazwa nyuma ya gari, wengine wamefunikwa turubai kwa sababu ya mvua, wanaimba wimbo wa Maria. Adrienne alishuka na tableti chini ya mwavuli. Makuza akamwambia mama haendi. Adrienne akatazama nyumba, akatazama dereva, akataka kuingia azungumze naye kidogo, kama mtoto wake. Dereva akasema mto unajaa, wakichelewa dakika kumi hawavuki tena.

"Basi mashini inataka sababu, Papa," Adrienne akasema, na macho yake hayakuwa juu ya mashini. "Iko na nne tu. Amekufa, amehama, iko mugonjwa, amekataa."

"Haina ingine?"

"Haina."

Makuza akabonyeza kidole gumba pale alipoonyeshwa. Kwa kupata karte alikuwa ameombwa tarehe, mashahidi, mke, na aibu yake yote mbele ya darasa. Kwa kuikataa hawakumwomba hata cheti kimoja. Kwa upande huo serikali yetu ni nyepesi mno.

Gari likashuka na wimbo wake. Makuza alisimama mvuani hadi aliposikia sauti nyingine, kutoka nyuma yake, kutoka nyumbani. Verdiane alikuwa amefungua kinywa. Alikuwa anamlilia Shyaka kwa jina lake lote, kisha wale wakubwa wawili waliotangulia, kisha Gaju, sauti ya kwanza ya kilio, ile ya siku ya habari yenyewe, kana kwamba Bayingana ndiyo kwanza anafika kutoka Walikale na matope miguuni.

Godelieve alitoka mbio na kitambaa kichwani. Wanawake wa mlima wakatoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Waliingia, wakaketi kumzunguka, na wanaume waliofuata wakaketi nje, kwenye magogo, chini ya ukingo wa majani. Makuza alipofika mlango ulikuwa umejaa migongo ya wanawake na hakuna uliosogea kumpisha. Akarudi nyuma. Akaketi mwisho kabisa wa gogo la mwisho, kwenye mvua, pale wanapoketi watu wa mbali waliochelewa kufika kwenye kilio.